SHAIRI NI SALAMU, LATAKA KUITIKIWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na walimu vijana katika mkutano wa tawi



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya vijana na ushairi. Twajua wapo wanaojiuliza moyoni: chama kina habari gani na mashairi? Kuna ada za kukusanya, kuna madarasa yasiyokwisha kujengwa, na hawa wanasimama kutuhesabia vina. Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mtuhukumu. Hatukuja kuwaimbia. Tumekuja kuungama kosa, na baada ya kuungama, kuleta shauri.

Sisi tunaosema nanyi tulitoka chuo cha ualimu si miaka mingi iliyopita, na sasa twafanya kazi ya kueneza chama. Katika safari hiyo tumeyapenda mashairi, tukayachukia, tukayatumia vibaya, na mwisho tukayapenda tena kwa namna nyingine. Hapana shaka wengi miongoni mwenu mmepita njia ile ile, ila hamkupata nafasi ya kuisimulia.

KWANZA YALIKUWA MDOMONI

Tulipokuwa watoto wa shule ya msingi, shairi lilikuwa kitu cha mdomo na cha miguu. Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu alitupanga mistari miwili, akatugawia ngonjera, na jioni nzima kijiji kilitusikia tukijibizana. Mmoja alikuwa mkulima hodari, mwenzake mvivu. Mmoja alisifu shule, mwenzake aliikimbia. Hatukujua kuwa ngonjera zile zilikuwa na historia. Aliyezistawisha ni Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilitembea nchi nzima, toka shule hata shule. Huyu hakuwa mtu wa Pwani, wala Kiswahili hakikuwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, na hata hivyo watunzi wa Pwani walimpa heshima yake. Yafaa tulikumbuke hilo kila mara mtu anapodai kuwa ushairi ni mali ya mji fulani au ukoo fulani.

Tulipenda ngonjera kwa sababu zilikuwa mazungumzo. Lakini hata utotoni tuliona kitu kimoja. Yule mvivu hakushinda hata siku moja. Alipewa beti tatu za kipumbavu, kisha akanyamaza na kukubali. Kulikuwa na mtoto mmoja darasani petu, mcheshi sana, aliyepewa kila mwaka kuwa mvivu. Siku moja aliuliza: "Mwalimu, na mimi naweza kupewa jibu zuri?" Mwalimu alicheka, sisi tukacheka, na mambo yakaishia hapo. Leo twaona kwamba lile lilikuwa swali kubwa kuliko ngonjera yote.

KISHA YAKAWA HESABU

Tulipopanda madarasa ya juu, shairi lilitoka mdomoni likaingia daftarini. Tulifundishwa kwamba shairi lina mizani kumi na sita, nane huku na nane huku, lina kina cha kati na kina cha mwisho, lina kibwagizo, lina dhamira. Tulichora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja tukaandika "kimapokeo" na upande wa pili "kisasa", tukakariri sifa nne za kila upande. Mtihani ulipouliza, tulijibu. Tulipasi.

Chuoni hali ikawa ile ile, na pengine mbaya zaidi, maana sasa tulikuwa twajifunza jinsi ya kuwafanya wengine wakariri tuliyokariri. Diwani zilikuwamo katika kabati la vitabu, lakini kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye kila siku alikuwa ametoka kidogo. Kwa hiyo tulisoma juu ya mashairi bila ya kuyasoma mashairi. Hapana hata mmoja wetu aliyemaliza diwani moja toka jalada hata jalada.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha, tuliuza madaftari yetu kwa kilo kwa wauza karanga. Wiki ile ile tulinunua karanga pale stendi, na mmoja wetu alipokunjua karatasi aliona mwandiko wake mwenyewe: "Sifa za shairi la kimapokeo, moja, mbili, tatu." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tulikuwa tumekula karanga, tukatupa karatasi, na huo ndio uliokuwa mwisho wa elimu yetu ya ushairi.

Hatusemi haya ili kuwalaumu walimu wetu. Walifundisha kama walivyofundishwa, kwa mtihani waliopewa. Wala hatusemi kuwa mizani na vina ni upuuzi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri, alitoa mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi. Lakini angalieni vizuri: pamoja na sheria aliweka diwani yake katika kitabu hicho hicho. Alitupa jembe, na shamba lililolimwa akatuonyesha. Sisi shuleni tulipewa jembe tulihesabu misumari yake.

TULIPOANDIKA KISIMA

Sasa twafika penye kosa letu. Katika mwaka wa mwisho wa chuo tulipelekwa vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Sisi tulikuwa watatu, tukapangwa shule moja upande wa Pangani, tukapewa chumba kimoja na taa moja. Kijiji kilikuwa kimepata kisima chenye bomba la mkono, na mgeni wa heshima alikuwa anakuja kukifungua. Mkubwa wa shule alituita akasema: "Ninyi mmetoka chuoni, tutungieni shairi watoto walisome."

Tuliona fahari. Usiku ule tulikaa hata taa ikaanza kuzimika, tukatunga beti kumi. Vina vilikaa, mizani ilitimia, kibwagizo kilipendeza. Tulisema kuwa ndoo zimepumzika, kuwa akina mama wameaga safari za alfajiri, na kwamba watoto wa kike sasa wanafika shule mapema. Watoto walilisoma mbele ya mgeni kwa sauti safi. Mgeni alipiga makofi, akaomba nakala. Sisi tulisimama nyuma ya darasa tukijiona washairi.

Ndugu zangu, bomba lile lilikuwa halitoi maji. Lilitoa majuma machache ya kwanza, kisha likaharibika. Siku ya sherehe aliletwa fundi asubuhi na mapema, likatoa maji mbele ya mgeni, na siku ya tano likanyamaza tena. Nasi tulikuwa tukijua kabla ya kutunga. Tulijua kwa sababu maji ya kuoga tuliyanunua kwa ndoo. Tulijua kwa sababu daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwetu, na mbele ya majina ya wasichana wanane au tisa tulikuwa tumeandika kwa kalamu yetu wenyewe, siku baada ya siku: amechelewa, amechelewa, amechelewa. Na kila aliyechelewa tulimsimamisha mbele ya darasa kwa adhabu.

Basi daftari moja lilisema kweli na karatasi nyingine ilisema uongo, na zote mbili zilikuwa za mwandiko wetu. Tuliikabidhi karatasi ya uongo kwa mgeni, na daftari la kweli tukalirudisha kabatini.

Siku chache baadaye msichana mmoja alichelewa tena. Tulipomwuliza sababu, hakujibu kama siku zote. Alisema: "Bibi amenituma nilete jibu la shairi lenu." Kisha akasimama wima, bila karatasi, akasema:

Walimu mmeandika, mmekisifu kisima,
Mjukuu huamka, kabla jogoo kusema,
Shuleni akishafika, mwamwamuru kusimama,
Shairi limefurika, bomba bado limegoma.

Darasa lilinyamaza kwanza, kisha likaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa chetu sisi. Jambo la kwanza tulilolifanya, twaona haya kulisema, ni kuhesabu mizani. Tulitaka tuone kosa. Hatukuliona. Bibi yule hakusoma shule yetu hata siku moja. Aliyajua mashairi kwa kusikia arusini na misibani, na alikuwa amemwambia mjukuu wake alisome letu mara mbili tu, akalijibu.

BIBI ALITUAMBIA NINI

Jioni tulikwenda kwake. Tulikwenda kwa hofu, maana hatukujua kama tunakwenda kuomba radhi au kujitetea. Tukabisha hodi, tukasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, karibuni." Akatupa mkeka, akaendelea kuchambua mchele wake.

Tulianza kueleza kwamba tuliombwa, kwamba mgeni alikuwa mkubwa, kwamba haikuwa nia yetu. Alituacha tukasema mpaka tukaishiwa. Ndipo akasema maneno ambayo tumeyachukua toka siku ile hata leo. Alisema: "Shairi ni salamu. Ukimwamkia mtu, wangoja aitikie. Ninyi mmetuamkia, kisha mkatupa kisogo mkamtazama mgeni. Sasa ile salamu ilikuwa yetu au yake?"

Tukamwuliza kwa nini hakuyasema haya kwenye kamati ya kisima. Akasema: "Kamati niliiambia. Nikisema kwa maneno, huambiwa bibi kizee analalama. Nikisema kwa shairi, hata asiyenipenda hulikariri."

Na kweli lilikaririwa. Kabla ya juma kwisha ubeti ule ulikuwa umefika sokoni na kwenye mitumbwi. Mkutano wa kijiji uliofuata, yale yaliyokuwa yakinong'onwa yalisemwa waziwazi: fedha ya matengenezo ni kiasi gani, anaishika nani, fundi anaitwa na nani. Hatusemi kuwa shairi lilitengeneza bomba. Bomba lilitengenezwa na fundi kwa fedha za mchango, na baadaye kijiji kikaweka watu wawili wa kulitunza. Shairi lilifanya kazi moja tu: liliwapa watu njia ya kusema hadharani bila ya matusi na bila ya woga. Kazi hiyo si ndogo. Ni nusu ya kazi ya chama chochote.

Nasi tuliacha kuwasimamisha watoto waliochelewa kwa ajili ya maji. Hilo ndilo jibu la kwanza tulilompa Bibi, nalo halikuwa na vina.

TULIVYOANZA KUSOMA UPYA

Tuliporudi chuoni tulimfuata mwenye ufunguo mpaka akachoka nasi. Tulifungua lile kabati, na mara hii tulisoma tukiwa na swali moja: shairi hili lilikuwa linamwamkia nani, na nani aliitikia? Swali hilo liligeuza kila kitu. Vitabu vilivyokuwa vikavu kama makuti viliota majani.

Tulimsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Shuleni tuliambiwa kwamba ni mshairi mkongwe, basi. Sasa tuliona kwamba alikuwa mtu wa siasa hasa. Siku za ugomvi wa Mombasa na Lamu, siku za vita vya Shela katika miaka ya 1810, washairi wa pande mbili walitumiana beti kama watu watumianavyo barua za baruti. Lamu walisema kwa ulimi wa Bwana Zahidi Mngumi, Mombasa ikajibu kwa ulimi wa Muyaka. Na beti zake zilisalimika kwa vinywa vya watu kwanza. Ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alipozikusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 zikapigwa chapa kuwa diwani. Zingekuwa beti za makofi tu, nani angezihifadhi kichwani miaka hiyo yote?

Tulimsoma Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wa kumwusia binti yake. Yapo ndani yake mambo ambayo wasichana wa leo wangependa kuyajibu, hasa juu ya mke na mume. Na kwa nini wasiyajibu? Mama aliposema na binti yake hakutaka azibe masikio. Tulipoanza kufundisha tuliwaambia wanafunzi wa kike watunge jibu la binti. Msichana aliyekuwa haandiki mistari mitatu ya insha alileta beti kumi na mbili.

Tulisoma habari za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923. Serikali ilikuwa na shabaha zake, lakini wananchi waliingia katika ukurasa wa mashairi wakaufanya baraza. Mtu wa mji mmoja aliuliza fumbo, mtu wa mji mwingine ambaye hawakupata kuonana akalifumbua. Karani, mwalimu, mvuvi na askari walijibizana. Kabla watu wa Tanganyika hawajakaa katika mkutano mmoja wa siasa, wengi walikwisha kutana katika beti. Kwa hiyo si ajabu kwamba miongoni mwa walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954 alikuwamo mshairi, Mzee Saadani Abdu Kandoro, ambaye mashairi yake yalitolewa kitabu mwaka 1972.

Tulimsoma Shaaban Robert, ambaye tangu mwaka 1926 hata 1944 alikuwa karani wa Forodha. Hakupata shule kubwa. Aliandika mashairi, tenzi na hadithi baada ya saa za kazi ya wengine, hata alipofariki mwaka 1962 alikuwa ametuachia rafu nzima ya vitabu. Na Mwalimu Julius Nyerere, katika miaka ile ile ya kubeba mzigo wa nchi changa, alikaa na mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, akautafsiri, ukatolewa mwaka 1963. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Anayesema kwamba hana nafasi ya kusoma kwa sababu ya kazi za chama na alitafakari hilo.

Tena tulisoma juu ya ugomvi wa miaka ya 1970, Bwana Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila ya kufuata vina na mizani. Chuoni tulifundishwa jambo hili kama safu mbili za daftari. Tulipolisoma wenyewe tuliona kwamba ulikuwa ugomvi wa watu hai, wenye hasira na mapenzi, kila upande ukidai kuilinda lugha. Hatukuombi, ndugu msikilizaji, uchague upande leo. Twasema tu kwamba lugha ambayo watu wanaigombania namna hiyo haijafa.

Na tulimsoma Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana kuliko sisi tulivyo leo, aliandika karatasi iliyoiuliza nchi yake inakwenda wapi. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu kwa swali lile. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni, na mwaka 1973 mashairi yale yakatoka katika Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikapata tuzo iliyobeba jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Hapo tulikumbuka karatasi yetu ya kisima. Yeye alifungwa, akasema alilolijua. Sisi tulikuwa huru, tukaandika tulichojua kuwa si kweli, na malipo yetu yalikuwa soda moja na makofi.

HOJA ZA WENZETU

Tulipoyaeleza haya kwa wenzetu wa chama, tulipata hoja mbili, nazo yafaa zijibiwe kwa heshima.

Hoja ya kwanza: chama ni kitu cha umoja, na mashairi ya kujibizana huleta mfarakano; tena adui akisikia twalaumiana atafurahi. Twajibu hivi. Adui hafurahii kisima kinachosemwa kuwa kimeharibika. Hufurahia kisima kilichoharibika ambacho hapana mtu anayethubutu kukisema. Bibi wa Pangani hakuvunja kijiji. Alikirudisha kijiji mahali pamoja, maana kabla ya ubeti wake wakubwa walikuwa katika kijiji chenye maji, na akina mama katika kijiji kisicho na maji.

Hoja ya pili: mashairi ya sifa yana kazi yake, huwatia watu moyo, na kiongozi aliyefanya vizuri astahili shukrani. Hilo twalikubali kabisa. Wazee walisifu, na sifa ya kweli ni nzuri. Lakini sifa nayo lazima iwe ya kitu kilichoonekana, na iweze kujibiwa. Ukisema daraja limejengwa, mvukaji aweze kusimama akasema: naam, nimelivuka. Shukrani isiyoweza kuulizwa ni kama hundi isiyo na fedha benki: karatasi ni nzuri, sahihi ni nzuri, lakini dukani hairudi na unga.

Tena, ndugu wanachama, semeni kweli. Tazameni mashairi tunayoletewa wakati wa mikutano yetu. Mengi yana jina la mgeni katika kila kibwagizo, na jina hilo likifutwa na kuandikwa jingine, shairi halipungukiwi na kitu. Juzi tu tuliombwa tena tutunge la namna hiyo. Hatukukataa. Tulisema tutatunga, ila kwanza tupelekwe tuone kazi yenyewe itakayosifiwa, na mwisho wa shairi tuwaalike wanakijiji walijibu palepale mbele ya mgeni. Bado twangoja kuambiwa kama masharti yetu yamekubaliwa. Hatukusema kwa kiburi. Tulisema kwa sababu tulikwisha kuaibishwa mara moja na mtoto wa shule, na aibu ile ilitufaa kuliko cheti.

SHAURI LETU

Sasa twaleta shauri, nalo ni la mambo manne.

La kwanza, kila tawi liweke jioni moja kwa mwezi iwe baraza la mashairi. Lisomwe shairi moja la zamani na moja jipya la mwanachama, na kila mtu, mzee au kijana, ajuaye kusoma au asiyejua, awe na ruhusa ya kulijibu. Wasiojua kusoma watatufundisha kusikiliza, kazi ambayo sisi wasomi tumeisahau.

La pili, twaomba mhariri wa gazeti letu hili atenge mahali pa majibu. Shairi likitoka juma hili likisifu ushirika wa mahali fulani, juma lijalo yatoke majibu ya wakulima wa mahali hapo, yakiwa matamu au machungu. Gazeti lenye ukurasa wa namna hiyo halitakosa wasomaji.

La tatu, ni kwenu ndugu walimu vijana, maana ndipo mambo yanapoharibika. Msianze na mizani. Someni shairi kwa sauti, kisha waulizeni watoto: huyu anasema na nani, nanyi mngemjibuje? Wakikwisha jibu, hapo wafundisheni mizani, maana watakuwa na kitu cha kupima. Kama mna ngonjera, mpeni yule mvivu jibu zuri. Mtoto mkulima akitaka kumshinda, na afikiri zaidi. Na kabati la vitabu lifunguliwe. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kitabu kizima kilicholiwa na mchwa ndicho hasara.

La nne ni letu sisi wenyewe, na twaliahidi mbele yenu mtukamate nalo. Hatutaandika ubeti wa jambo ambalo hatukuliona kwa macho au kulisikia kwa mwenyewe. Tukiandika, tutausoma kwanza kwa wanaohusika, kabla ya mgeni yeyote. Na tukijibiwa, hatutakimbilia kuhesabu mizani ya aliyetujibu.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi. Daftari la mahudhurio la shule ile tulilirudisha kwa mkubwa wa shule siku ya kuondoka, kama ilivyo desturi, lakini tulinakili ukurasa mmoja, nao tunao hata sasa. Kila tukikaa kutunga, twauweka mezani. Una majina ya wasichana, na mbele yake neno moja tulilolirudia kwa kalamu nyekundu. Hauna vina, hauna kibwagizo cha kupendeza, na hata hivyo ndio mwalimu wetu wa ushairi baada ya Bibi.

Kama tumekosea katika maneno haya, msitunyamazie. Tujibuni. Na mwenye kuweza, na atujibu kwa shairi.